Maji ya Mwezi na Maji ya Mvua

Masomo: Matendo ya Mitume 27; tena 16:6–10

Somo letu la mara hii latupeleka mtoni. Kabla ya kuendelea tunawaomba mfungue Biblia zenu na kusoma Matendo ya Mitume sura ya 27, yote, na halafu mistari ile michache ya sura ya 16. Wekeni alama hapo, tutarudi.

Tunataka kujifunza juu ya safari ya meli moja iliyoingia Mto Ruvuma mwezi wa Machi 1861. Jina lake ni Pioneer, na ndani yake walikuwamo Dakta David Livingstone na Charles Frederick Mackenzie, Askofu wa kwanza wa ile Misheni ya Vyuo Vikuu ambayo wazee wetu waliiita UMCA. Wakristo wengi wa sehemu zetu wanazijua vizuri habari za Masasi na mwaka 1876. Habari hii ya miaka 15 kabla yake haijulikani sana, labda kwa sababu iliishia njiani. Meli ilipanda mto kiasi cha maili 30, yaani karibu kilometa 48, kisha ikageuka ikarudi baharini.

Kwa nini iligeuka? Jibu fupi ni kwamba maji yalipungua. Lakini jibu hilo halimtoshi mtu wa pwani. Maji hupungua mara mbili kila siku, na hakuna mvuvi wa Msimbati anayeacha safari yake kwa sababu hiyo. Hukaa, hula mhogo wake, akangoja yajae. Basi yatupasa kuuliza: ni maji gani yaliyopungua?

Mto Ruvuma karibu na bahari una maji ya namna mbili, na kila moja lina bwana wake. La kwanza ni maji ya bahari, yanayofuata mwezi. Hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana kila siku saa ya maji husogea mbele karibu saa nzima. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, tunapata bamvu: maji hupanda sana na kushuka sana, na hapa kwetu tofauti ya juu na chini yaweza kupita mita 3. Katika siku za bamvu maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne. Mama zetu wanaokwenda kutafuta pweza na chaza hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu; hapo saa zinageuka, maji hujaa kama saa nne na kupwa kama saa kumi, nayo hayaendi mbali juu wala chini. Tena bamvu la Machi na la Septemba hupita mabamvu mengine ya mwaka kwa ukubwa.

Namna ya pili ni maji ya mvua. Haya hayaujui mwezi. Yanatoka mbali, milima ya Matogoro karibu na Songea, na mengine mengi yanatoka upande wa Msumbiji kwa Mto Lugenda. Mvua ikinyesha huko, sisi tulio chini twaona mto umevimba na kuwa mwekundu hata kama kwetu jua ni kali. Ikikatika huko, mto hushuka, na hata tukipata manyunyu Mtwara haitusaidii kitu. Maji haya hupanda mara moja kwa mwaka, na yakishashuka yameshuka mpaka mwaka mwingine.

Sasa tazameni tofauti hii, maana ndiyo kiini cha somo letu. Chombo kikikaa juu ya fungu la mchanga mahali maji ya mwezi yanapofika, twasema kimepwelewa. Ni udhia tu. Baada ya saa 6 kitaelea. Kikipwelewa wakati wa bamvu kuu, juu kabisa ya fungu, basi huenda kikangoja wiki mbili mpaka bamvu jingine, nayo ni taabu kubwa zaidi, lakini mwezi hauna hiana, utaandama tu. Bali chombo kikikaa mahali ambapo maji ya mwezi hayafiki, na mto ukaendelea kushuka chini yake, hicho hakikupwelewa, kimekwama. Kitangoja mvua za mwaka unaokuja, na watu wake watangoja pamoja nacho, wakiwa na chakula walichokuja nacho.

Mtu atajuaje amevuka mpaka wa maji haya mawili? Mikoko humwambia. Anayeingia Ruvuma kwa mtumbwi kutoka baharini hupita kwanza katikati ya misitu ya mikoko iliyokatwakatwa na vijito na mikono ya maji, mingine myembamba hata kafi hugusa mizizi ya pande zote mbili. Mbele kabisa, penye maji ya chumvi na matope laini, utaona mlilana, kisha mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya kaa. Nyuma yao husimama muia na mkandaa, na mkomafi wenye matunda makubwa kama mipira. Mchu ni mti wa ajabu kidogo, waweza kuuona mbele na waweza kuuona nyuma. Vijito hivi ni barabara za wakati fulani tu. Maji yakijaa, mtu hupita na mzigo wake; yakipwa, hapo hapo alipopita panakuwa matope ya kuzama mpaka kiunoni. Kwa hiyo wenyeji huingia na maji yanayojaa nyuma yao, yakiwasukuma, na hutoka na maji yanayopwa. Wenye haraka hutumia pondo, na hupata mikono yenye malengelenge.

Lakini ukizidi kupanda, mikoko hupungua, halafu huisha. Livingstone aliandika kwamba waliiacha maili 8 kutoka kinywani mwa mto. Msukumo wa bahari waweza kusikika mbele kidogo ya mikoko, kwa sababu maji yanayojaa huyazuia yale ya mto na kuyafanya yasimame. Hata hivyo baada ya hapo mwenye chombo anaanza kutoka katika utawala wa mwezi. Toka hapo mpaka juu, fungu la mchanga ni fungu la mchanga.

Hapa tuseme neno kidogo juu ya Uingereza, maana Askofu Mackenzie na wenzake wengi walitoka katika ufalme ule. Watu wa huko walikuwa wamekwisha kuchimba mifereji mirefu ya kupitishia mashua za mizigo, mashua nyembamba zenye upana wa kama futi 7 tu, zilizovutwa na farasi aendaye kando. Maji ya mfereji hayapandi wala hayashuki. Yamezuiwa kwa milango mikubwa ya mbao, na mashua ikitaka kupanda kilima huingia katika chumba kati ya milango miwili, maji yakafunguliwa, ikainuliwa polepole kama mtoto. Mashua hizo zingaliko, siku hizi zina injini na wengi huzitumia kwa mapumziko. Mwenye mashua ya mfereji anaweza kuishi mwaka mzima bila kuutazama mwezi, mpaka afike mahali mfereji unapoingia katika mto unaojaa na kupwa, kama ule wa Thames wa London. Hapo mlinzi wa mlango humwambia saa ya kutoka, na asipomsikiliza atapelekwa asikotaka. Tumelitaja jambo hili kwa sababu katika safari za mito mlango na mlinzi ni rehema kubwa, na Ruvuma haina mlango wala mlinzi. Hatusemi kwamba watu wa Pioneer hawakuijua bahari. Waliijua sana.

Basi turudi mwaka 1861. Mackenzie alikuwa amewekwa wakfu kuwa Askofu tarehe 1 Januari mwaka ule huko Cape Town. Alitamani kwenda moja kwa moja kwenye nchi ya Mto Shire, ambayo sasa ni Malawi. Livingstone alimshawishi waijaribu Ruvuma kwanza. Sababu zake zilikuwa nzuri. Njia ya Zambezi ilikuwa mikononi mwa Wareno, nao waliweza kuifunga watakapo. Kinywa cha Ruvuma hakikuwa chini yao. Tena kinywa hicho kina ghuba nzuri, wala hakuna fungu la mchanga linaloziba mlango kama katika mito mingi ya Afrika. Livingstone alitumaini pia kwamba kwa mto huu angeweza kufika karibu na Ziwa Nyasa. Leo sisi tunajua kwamba Ruvuma haitoki ziwani, lakini wakati ule hakuna mgeni aliyekuwa na hakika.

Pioneer ilitia nanga kinywani tarehe 25 Februari. Askofu hakuwamo bado. Alikuwa nyuma katika manowari iitwayo Lyra. Ikawapasa kungoja. Walikata kuni za injini, wakakaa karibu na mikoko, na mbu wakafanya kazi yao. Watu wa siku zile walidhani homa inaletwa na hewa mbaya ya matope. Ni mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross alipomwona mdudu wa malaria ndani ya mbu. Askofu akafika tarehe 9 Machi. Tarehe 11 wakaanza kupanda, na walipotazama kando za mto wakaona umekwisha kushuka futi 4 au 5 tangu siku waliyofika.

Ukihesabu mwezi wa mwaka ule utaona jambo ambalo mvuvi wa kwetu angeliuliza kwanza. Tarehe 25 Februari mwezi ulikuwa mpevu. Tarehe 11 Machi mwezi uliandama. Kwa hiyo meli ilifika kwa bamvu na kuanza safari kwa bamvu, tena bamvu kubwa la Machi. Upande wa mwezi hawakukosea. Hapakuwa na siku bora ya kuingia. Ila katika zile wiki mbili za kungoja, maji ya mvua yalikuwa yakiondoka kimya kimya. Mwezi uliwarudishia yaliyo yake, mvua haikurudisha.

Liko jambo jingine. Pioneer ilikusudiwa kuzama futi 3 tu majini, lakini ilipokuja ilizama futi 5. Futi 2 hizo mtu aweza kuziona ni kitu kidogo. Kwa mto wenye mchanga unaohamahama kama Ruvuma, ambapo mkondo wa mwaka jana ni shamba la mwaka huu, futi 2 ni tofauti ya kupita na kutopita.

Walipanda siku kadhaa, wakiona vilima vyenye miti pande zote mbili, nao waliusifu uzuri wa nchi. Lakini mabaharia wakaanguka kwa homa, hata Livingstone mwenyewe akalazimika kuiongoza meli. Maji yalishuka inchi 7 kwa siku moja. Tarehe 16 Machi wakakata shauri kurudi, kwa kuogopa kwamba wakiendelea watakaa huko mpaka mafuriko ya mwaka ujao. Siku ile mwezi ulikuwa wa siku 5. Maji ya bahari nayo yalikuwa yakielekea kuwa mafu. Maji yote mawili yalikuwa yakishuka pamoja.

Sasa fungueni tena Matendo 27. Mtakatifu Luka anatuonyesha meli iliyokawia. Siku za Saumu ya Wayahudi zimekwisha kupita, maana yake majira ya kusafiri yanakwisha, na Paulo anawaonya wasiondoke. Akida anawaamini zaidi nahodha na mwenye meli, na kwa kweli hatuwezi kumlaumu sana, kwani nani angemsikiliza mfungwa mbele ya nahodha? Wakapatwa na tufani. Usiku mabaharia wakatupa bildi wakapata pima 20, halafu 15, wakajua nchi i karibu. Mwishowe meli ikapanda mchanga penye maji kutoka pande mbili, omo ikashikwa na tezi ikavunjwavunjwa na mawimbi.

Wasomaji wa pwani wameuliza mara nyingi kwa nini hawakungoja maji yajae. Swali hili ni zuri, na jibu lake ni kwamba kule Malta bahari haijai. Katika Bahari ya Kati tofauti ya kujaa na kupwa huko haifiki hata futi moja. Meli ya Paulo haikupwelewa, ilikwama, kama vile Pioneer ingekwama juu ya mikoko. Hakuna mwezi wa kuiinua. Watu 276 waliokoka kwa kuogelea na kushika mbao, lakini meli haikuokoka.

Je, Livingstone na Mackenzie walifanya vema kurudi? Wako walioandika kwamba walikata tamaa mapema. Sisi tunaona walifanya vema, na ushahidi umo katika mwaka ule ule. Pioneer ilikwenda Anzwani katika Visiwa vya Ngazija, ambako Askofu alikuwa amewaacha wenzake, kisha ikaingia Zambezi na Shire. Mwishoni mwa 1861, ikiteremka Shire, ilikwama juu ya fungu la mchanga kwa muda wa wiki 5, na mtu mmoja wa melini akafa kwa homa. Wiki 5 tu, katika mto waliokwisha kuuzoea. Tufikirie miezi 9 katika Ruvuma, mabaharia wote wakiwa wagonjwa.

Maji hayakumwacha Askofu hata hivyo. Mwezi wa Januari 1862 alishuka Shire kwa mtumbwi pamoja na Padre Henry Burrup kwenda kukutana na Livingstone. Mtumbwi ukajaa maji usiku, dawa zao zote zikapotea. Walingoja kisiwani, penye makutano ya Ruo na Shire, na hapo Mackenzie akafa kwa homa tarehe 31 Januari. Burrup alimzika, naye akafa mwezi uliofuata.

Livingstone alirudi Ruvuma Septemba 1862, safari hii kwa mashua ndogo, pamoja na Dakta John Kirk. Ulikuwa wakati wa kiangazi, wakaburuta mashua juu ya mafungu mara nyingi, lakini walifika zaidi ya maili 150 kabla ya mawe kuwazuia. Mashua ndogo katika maji haba zilifanya ambayo meli ya moshi ilishindwa katika maji mengi. Na Machi 1866 alikuja mara ya tatu, akiwa na ngamia 6 na nyati wa Kihindi, punda na nyumbu. Mikoko ya kinywani ikamzuia asiwashushe wanyama, akarudi kaskazini akashukia Mikindani, akaenda zake kwa miguu.

Na ile sura ya 16? Paulo na wenzake walitaka kwenda Asia wakazuiwa. Wakajaribu Bithinia, wakazuiwa tena. Ndipo wakajikuta Troa. Luka hasemi walizuiwa kwa kitu gani. Labda ni ugonjwa, labda ni njia mbovu, labda ni mto uliofurika. Tunalitaja kwa sababu ya kijana mmoja. Julai 1861, miezi minne baada ya kuiacha Ruvuma, Livingstone na Mackenzie walikuwa wakipanda milima ya Shire walipokutana na misafara ya watumwa waliofungwa shingoni kwa magogo, wakawafungua. Miongoni mwa watoto wa Kiyao waliopata uhuru siku zile alikuwa Chuma. Huyo ndiye aliyeshuka Mikindani na Livingstone mwaka 1866. Ndiye, pamoja na Susi na wengine, aliyeuchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani. Na ndiye aliyeuongoza msafara wa Askofu Edward Steere kutoka Lindi kwenda bara kwa Wayao mwaka 1875. Mwaka uliofuata Steere alitoka tena Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na hao wakajenga Masasi. Walikwenda kwa miguu. Mto hawakuujaribu.

Wasafiri wa leo wanayajua maji haya mawili kwa namna yao. Kinywa cha mto na mikoko yake vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Daraja la Umoja la Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010, na anayepita hapo hana haja ya kuuliza mwezi wala mvua. Bali waliovuka Kilambo kwa kivuko au kwa mashua wanakumbuka ratiba ilikuwa moja tu, maji yakijaa. Na waliochelewa walishushwa juu ya fungu, wakavua viatu, wakatembea na mizigo kichwani huku wakiangalia viboko.

Kwa vikundi vya masomo: alikeni mzee mvuvi mmoja awaeleze bamvu na maji mafu, na kila mtu aandike saa ya maji kujaa kwa siku 7 mfululizo, aone mwenyewe jinsi inavyosogea. Halafu someni Matendo 27 mstari wa 9 hadi 12 na mzungumze juu ya swali hili: akida angejuaje kwamba safari hii mfungwa ndiye anayesema kweli, na nahodha amekosea? Sisi tulilijadili jioni nzima hatukukubaliana. Majibu yenu yaletwe kwa katekista kabla ya mwezi kuandama.